Mashine Yataka Nimtaje Baba Mkwe

Kama wiki iliyopita hamkunisoma, ng'ombe wangu alikula kadi ya serikali.

Si uongo. Nilikuwa nakwangua unga ubaoni kwa ile kadi, maana makali yake yanafaa kuliko kisu. Nikaitwa nje, nikarudi, nikasomba makombo yote nikayatia kwenye ndoo ya Targil. Targil hachagui. Alikula unga, akala kadi, akala na namba ya siri niliyokuwa nimeiandika mgongoni mwa kadi kwa kalamu nyeusi ili nisiisahau.

Siku tatu nilimfuata nyuma na kijiti. Wifi yangu hakutoka hata mara moja kunisaidia. Jumanne nzima alikuwa amejifungia na simu ya mezani, anaongea kwa kunong'ona kama msichana mwenye mchumba. Mimi niko nje kwenye baridi, nakagua mavi.

Kadi haikutoka.

Na kadi hiyo ndiyo makaa yetu. Msaada wa wazee unaingia humo, na lori la makaa ya mawe huja kijijini kwetu mara moja tu kabla theluji haijafunga njia. Mwaka huu linakuja Jumamosi. Mwenye lori siku hizi hapokei noti. Ana kimashine chake cha kadi, amekivaa shingoni kwa kamba kama hirizi.

Bila kadi, hakuna makaa. Bila makaa, mimi na wifi tutakaa baridi yote tukitazamana meno. Na wifi amebakiwa na meno mawili.

Basi Alhamisi tukaenda mjini.

Sasa kabla hatujafika, lazima niwaungamie jambo, la sivyo hamtaelewa kwa nini mwanamke mwenye akili timamu alishindwa na simu.

Sisi wanawake wa nyika hii, ukiolewa hutamki jina la baba mkwe. Akiwa hai hutamki, akiwa kaburini hutamki. Na kama jina lake ni neno la kawaida, basi na neno hilo unalizunguka maisha yako yote. Jirani yangu mmoja mkwewe aliitwa Chuma. Yule mama mpaka anakufa aliita gari moshi, ambalo kwetu ni gari la njia ya chuma, "lile linalokimbia juu ya ngumu mbili".

Mkwe wangu yeye alizaliwa siku ile babu yake alipotimiza miaka sabini na kumi. Kwa furaha wakaichukua namba hiyo wakampa mtoto iwe jina. Seksenbay. Hiyo "seksen" kwa Kikazakhi ndiyo hesabu inayofuata sabini na tisa.

Mkiliona jina hilo limeandikwa humu, mjue ni mhariri amejaza. Mimi niliacha kistari.

Hapo bado ni afadhali. Siku tulipoandikisha ndoa, karani akalichukua jina lile lile la mzee akaligeuza kuwa jina la ukoo la mume wangu, kisha langu. Kwa hiyo mimi ni Kuntai, halafu kistari. Miaka sitini siwezi kujitaja mwenyewe. Hospitalini naweka kitambulisho mezani. Posta naweka kitambulisho mezani. Kitambulisho ndicho ulimi wangu.

Na kama vile Mungu ana mzaha, mwaka huu nimefikisha umri huo huo. Mtu akiniuliza nina miaka mingapi, najibu, "Sabini na kumi." Watu wanadhani nimeanza kusahau hesabu.

Wifi ndiye askari wa jina hilo. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, amenizidi miaka mitatu. Jina lake pia silitamki. Nilipoingia nyumba ile nilimpa jina la heshima, Nyusi Nyeusi. Sasa nyusi zenyewe nyeupe kama unga, jina halijabadilika. Yeye naye ananiita Bi Harusi. Bi harusi gani, nina magoti yanayolia kama mlango!

Enzi za shamba la ushirika nilipewa kazi ya kuhesabu kondoo zizini. Nikahesabu vizuri, sabini na saba, sabini na nane, sabini na tisa. Kisha sabini na kumi, sabini na kumi na moja, hivyo hivyo hadi sabini na kumi na tisa, halafu tisini. Bwana wa daftari akaandika kwamba nimeficha kondoo kumi. Wiki mbili wakawatafuta kondoo hao chini ya kitanda changu. Wifi alisimama mlangoni mikono kiunoni, ananitazama mdomo. Sikulisema. Hata mbele ya mkuu wa shamba sikulisema.

Tangu hapo nilijua yule mwanamke anangoja siku nitakayoteleza.

Basi, tulifika kwenye ofisi ya kadi za serikali saa nne asubuhi. Foleni ilikuwa imefika kwenye ndoo ya ufagio. Nilikuwa na vipande vya jibini kavu mfukoni, tukanyonya kimoja kimoja mpaka zamu yetu ikafika.

Nyuma ya kioo alikaa binti anaitwa Gauhar, kope ndefu kama brashi za viatu.

"Kadi imepotea au imeibiwa, bibi?"

"Imeliwa, mwanangu."

Akaacha kuandika. "Na nani?"

"Na Targil."

"Huyo Targil mnaishi naye nyumba moja?"

"Ana zizi lake."

Wifi akaingilia. "Ni ng'ombe, wewe binti! Andika imepotea. Iko ndani ya ng'ombe, lakini imepotea."

Gauhar akaandika. Kisha akatabasamu, na mimi nikaona kumbe serikali nayo ina meno mazuri. "Msijali. Siku hizi kadi mpya ni dakika kumi. Zamani mngengoja mwezi."

Nikamshukuru Mungu. Wifi akanipiga kiwiko. "Si nilikwambia? Tunachukua kadi, tunaondoka. Hutasema neno."

Hilo "hutasema neno" nililisikia, lakini sikulipima.

Kadi ikatoka mashinani ina joto bado kama mkate. Nikanyoosha mkono. Gauhar akairudisha kwake.

"Bado imelala, bibi. Lazima uiamshe. Ingia kwenye kibanda kile, nyanyua simu. Mashine itakuuliza jina la ukoo na umri, itasikia sauti yako, kisha utachagua namba mpya ya siri."

Nikaingiza mkono mfukoni.

"Mwanangu," nikasema, nikaweka kitambulisho mezani. "Huyu hapa. Kila kitu kimeandikwa."

"Mashine haina macho, bibi. Ina masikio tu."

"Basi nisemee wewe. Una mdomo mzuri."

"Hairuhusiwi. Sauti yako ndiyo sahihi yako."

Wifi akarukia. "Niingie mimi!"

"Anaingia mwenye kadi peke yake, bibi."

"Huyu hasikii vizuri! Niingie naye!"

"Nasikia vizuri kuliko wewe," nikamwambia. Nilijua kwa nini anataka kuingia. Miaka sitini ananingoja niteleze, anataka awepo siku sufuria litakapopasuka.

Nikaingia, nikafunga mlango. Kibanda ni cha kioo. Wifi akaja akabandika sikio upande wa pili, shungi lake likajikunja kama kabichi.

Nikanyanyua simu.

"Karibu!" Sauti ya mwanamke, tamu, haijawahi kuosha sufuria. "Kama kadi yako imepotea, sema, imepotea. Kama imeibiwa, sema, imeibiwa."

Mimi sipendi kusema uongo kwa mtu nisiyemjua. "Imeliwa," nikasema.

"Umesema, imelewa. Je, ni sahihi?"

"Hapana! Imeliwa!"

"Umesema, imelipwa. Asante. Kwa huduma nyingine, kata simu."

Nikakata. Nikaanza upya, nikasema imepotea, Mungu anisamehe.

"Tafadhali taja jina lako la ukoo."

Upande wa pili wa kioo lile sikio limetulia kama paka kwenye tundu la panya.

"Naitwa Kuntai," nikasema.

"Kuntai si jina la ukoo. Tafadhali taja jina lako la ukoo."

"La yule mzee wa juu."

"Sikukuelewa."

"Yule aliyezaliwa babu yake akiwa na sabini na kumi."

"Umesema umri wako ni miaka elfu saba na kumi. Je, ni sahihi?"

"Binti, hata mlima hauna umri huo!"

"Sikukuelewa. Tafadhali taja jina lako la ukoo."

Nikakohoa. Nikajaribu kulipitisha puani, kama mtu mwenye mafua. Nikajaribu kulisema kwa kuvuta pumzi ndani, maana nilifikiri kinachoingia si sawa na kinachotoka. Mashine ikasema kwa upole uleule kwamba haikunielewa, na kwamba nimebakiza mara moja. Nikikosea, kadi itafungwa siku thelathini.

Siku thelathini! Lori ni Jumamosi.

Nikafungua mlango kidogo. "Gauhar, mwanangu! Hakuna mlango wa nyuma?"

Foleni yote ilikuwa imekwisha kuelewa. Kwetu huhitaji kueleza. Bibi kizee, kibanda, na jina la ukoo lenye namba ndani yake, hata mtoto anajua.

"Sema tu, mama!" akapiga kelele kijana mmoja mwenye kofia ya sufu. "Mashine haina ukoo!"

"Usiseme!" akadakia mzee mwenye fimbo. "Mashine haina ukoo, lakini sisi tunao!"

"Mzee, makaa yanatoka kwako?"

"Mke wangu mimi alikuwa ananiita 'wewe uliyeko pale' miaka hamsini! Ndoa ikadumu!"

"Ilidumu kwa sababu hakujua anamwita nani!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria jiko letu. Ni jiko dogo la matofali, mkwe mwenyewe alilijenga kwa mikono yake, na mlango wake una ufa ninaouziba kila mwaka kwa udongo na nywele za mbuzi. Nilikuwa namwona wifi amekaa mbele yake na mablanketi matatu, jiko limenuna, anakohoa. Kikohozi chake cha mwaka jana kilinifanya nihesabu pumzi zake kutwa kucha.

Nikajiuliza, huyo mzee aliye kaburini angependa nini? Jina lake libaki safi, au binti yake abaki hai?

Nikafunga mlango. Nikageuka, nikampa wifi kisogo ili asione mdomo wangu.

"Tafadhali taja jina lako la ukoo."

Nikalisema.

Sitaliandika. Lilitoka dogo, kavu, kama punje iliyokaa mfukoni miaka sitini. Mashine ikasema, "Tafadhali sema kwa sauti ya juu zaidi." Hata kulinong'ona hairuhusiwi! Nikalisema kwa sauti ya juu zaidi. Nikalisema na umri wangu, neno lile lile tena. Vioo vikatetemeka. Mzee mwenye fimbo akavua kofia.

Nikageuka. Wifi alikuwa ameondoa sikio kwenye kioo. Amejifunika uso kwa ncha ya shungi.

Basi imekwisha, nikasema moyoni. Miaka sitini imekwenda kwa sentensi moja. Lakini makaa tutapata.

"Asante," ikasema mashine. "Sauti hii si ya mwenye kadi. Kadi imezuiwa. Afisa anakuja."

Nikadhani sijasikia. "Nini?"

"Sauti hii si ya mwenye kadi."

"Mimi ndiye mwenye kadi! Nimekutajia mkwe wangu, wewe kichwa cha bati! Nimekutajia mkwe wangu!"

Taa nyekundu ikawaka juu ya kibanda. Mlango ukafunguliwa na bwana mwenye tai fupi na muhuri mkononi. Huyo ndiye Serikbol, mkuu wa ofisi. Nadhani hata akienda kulala huenda na muhuri.

"Bibi, toka taratibu," akasema, kama vile nina bunduki.

Nikatoka. Gauhar alikuwa anasoma kwenye kompyuta, kope zinapigapiga. "Mkuu, sauti ya bibi huyu ilikwisha kusajiliwa. Jumanne, saa tano asubuhi, kwa simu ya nyumbani. Leo imekuja sauti nyingine."

"Kwa hiyo," akasema Serikbol, "kuna wawili wanaojiita jina moja. Mmoja ni mwenye kadi, mwingine ni tapeli."

Jumanne, saa tano asubuhi. Saa hiyo nilikuwa nyuma ya Targil na kijiti.

Nikamtazama wifi. Wifi akatazama dari.

"Nyusi Nyeusi," nikamwambia polepole, "Jumanne ulikuwa unaongea na nani?"

"Na rafiki."

"Rafiki gani?"

Akanivuta pembeni kwa mkono wa koti, mpaka kwenye ndoo ya ufagio. "Nilisikia redioni kwamba siku hizi wanataka sauti," akanong'ona. "Nikajua hutalisema. Nikajua pia kwamba utalisema, kwa ajili ya makaa, mbele ya watu, halafu utarudi nyumbani uone haya mpaka ufe. Nikapiga mimi. Nikajiita wewe. Jina ni la baba yangu, mimi linanitoka kama chafya. Wakaniambia tayari, njooni mchukue kadi. Sikujua watakuuliza tena!"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema ni uongo. Wewe hata ng'ombe humdanganyi."

"Miaka yote hii unanitazama mdomo..."

"Nilikuwa nakulinda, mjinga wewe! Siku ile ya kondoo unadhani nilisimama mlangoni kwa nini? Bwana wa daftari angekubana mpaka uliseme. Nilikuwa na mwiko wa kukorogea uji nyuma ya mgongo. Ungefungua mdomo tu, ningempiga."

Miaka hamsini na kitu nimemchukia kwa ajili ya ule mlango.

"Na leo nimelisema," nikamwambia. "Bure."

"Umelisema vibaya," akajibu, akifuta macho kwa shungi. "Ulikaza sana mwishoni. Baba alipenda livutwe."

Serikbol akagonga muhuri hewani. "Mabibi! Nani kati yenu ni Bibi Seksenbayeva?"

Gauhar akamletea kitambulisho changu. Akakitazama, akanitazama mimi, akamtazama wifi, akarudi kwenye picha. Bibi mwenye shungi jeupe na mikunjo. Mbele yake mabibi wawili wenye mashungi meupe na mikunjo.

"Picha haisaidii," akasema.

"Ni huyu," akasema kijana mwenye kofia ya sufu, akininyooshea kidole.

"Nyamaza wewe! Wewe si mashine." Serikbol akaweka kadi mfukoni mwake. "Utaratibu uko wazi. Mwenye sauti ya Jumanne ndiye mwenye kadi. Aliyesema leo ni mwingine. Na kama ni kinyume chake, kwamba wa Jumanne alijifanya mtu mwingine kwa simu, hilo ni kosa, linaandikwa na linakwenda polisi. Sasa semeni. Nani alipiga Jumanne, na alikuwa nani?"

Nikaelewa kibano kilipo. Nikisema mimi ndiye mimi, wifi anakwenda polisi akiwa na miaka yake yote na meno yake mawili. Nikinyamaza, mimi si mimi.

Kabla sijafungua mdomo, wifi akapiga hatua mbele.

"Mimi," akasema. "Nilipiga mimi, na mwenye kadi ni mimi. Leo nilikuwa na koo baya, nikamtuma huyu. Nipe simu."

Akaingia kibandani, mlango akauacha wazi. Akasema imepotea. Akasema jina la baba yake kwa kulivuta, kama mtu anayeita kondoo jioni. Akasema na umri, wangu, akajipunguzia mitatu bila hata kupepesa.

"Karibu, Bibi Seksenbayeva," ikasema mashine. Mimi haijawahi kunikaribisha hivyo. "Tafadhali chagua namba nne za siri."

"Nane! Sifuri! Nane! Sifuri!" akapiga kelele wifi.

"Bibi!" akasema Serikbol. "Namba ya siri ni siri!"

"Siri gani? Ni jina la baba yangu mara mbili! Wilaya nzima inamjua!"

Foleni ikacheka mpaka ndoo ikaanguka. Taa nyekundu ikazima, ikawaka ya kijani. Kadi ilikuwa imeamka. Iliamka mfukoni mwa Serikbol, lakini imeamka.

Wifi akanikonyeza. Nikaanza kusikia harufu ya makaa.

"Bado muhuri," akasema Serikbol. Akaweka fomu juu ya meza, akaulowesha muhuri kwenye wino, kisha akaushikilia juu yake. Akanigeukia mimi. "Na wewe basi ni nani?"

"Mimi?" Nikavuta shungi mbele. "Mimi ni wifi yake."

Ndiyo uongo wangu wa pili siku hiyo, na huu haukuwa uongo hata kidogo.

Gauhar akasoma kwenye kompyuta. "Nyumba hiyo wanaishi wawili tu, mkuu. Mke wa marehemu, na dada wa marehemu."

"Vizuri. Mke wa marehemu ni yule pale. Kwa hiyo wewe ndiye dada wa marehemu." Akavuta fomu karibu. "Kitambulisho?"

"Nimekiacha nyumbani."

"Basi swali moja la uhakiki, halafu nawapigia muhuri mwende zenu. Ukikosea, kadi nabaki nayo, na mtaeleza polisi nani ni nani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

"Baba yako anaitwa nani?"

Swali jepesi. Jibu lilikuwa limepita mdomoni mwangu nusu saa tu nyuma, njia imekwisha kufunguliwa. Wifi alikuwa nyuma ya bega la Serikbol, ananiitikia kwa kichwa, sema, Bi Harusi, sema. Midomo yake ilikuwa inanichorea jina, silabi kwa silabi, ikilivuta mwishoni kama alivyopenda mzee.

Nikafungua mdomo.

Lakini jamani, hebu nieleweni. Niliingia nyumba ile nikiwa na miaka ishirini, juu ya farasi wa kijivu, uso umefunikwa. Tangu siku hiyo waliniuliza mume wako nani, mkwe wako nani, watoto wako wangapi, kondoo wako wako wapi. Swali hili la baba yangu mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata mara moja. Na huyu bwana mwenye tai fupi ameniuliza akinitazama machoni, kana kwamba anataka kweli kujua.

"Orazali," nikasema. "Mchunga farasi. Wa ng'ambo ya mto."

Muhuri ukasimama hewani, wino ukadondoka tone moja juu ya fomu.